Sconce: taa, ngome au kichwa?

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa michoro ya nyumba ya wageni iliyokuwa ikikarabatiwa, niwatafsirie mafundi maelezo yake. Kila chumba kilikuwa na neno la Kiingereza sconce, mbili mbili, kando ya kitanda. Kamusi yangu ya zamani ilisema ni kinara cha mshumaa kinachoshikizwa ukutani, nami nikaandika hivyo hivyo. Mafundi umeme waliposoma "vinara vya mishumaa" wakajua ni mapambo ya kuja kutundikwa mwishoni, hayawahusu. Plasta ikapigwa, rangi ikapakwa. Taa zilipofika zikiwa na nyaya zake, ikabidi kuta zitinduliwe upya vyumba vyote.

Iliniuma sana, hasa kwa kuwa kamusi haikudanganya. Kwa karne nyingi sconce ilikuwa hivyo kweli. Asili yake ni neno la Kilatini abscondere, yaani kuficha. Kifaransa cha kale kikapata esconse, taa ambayo mwali wake umekingwa usizimwe na upepo. Waingereza wakalichukua, na baadaye likawa jina la kinara cha ukutani, mara nyingi chenye bamba la shaba lililosuguliwa au kioo nyuma ya mshumaa, ili mwanga usiishie ukutani bali urudi chumbani. Mshumaa ukaondoka, umeme ukaja, jina likabaki. Leo Wamarekani ndio wanaolitumia zaidi, kwa taa yoyote ya ukutani.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kamusi, tazama nani kaandika na lini. Kama ni mchoro wa sasa, andika "taa ya ukutani" na uendelee na kazi; hatuhitaji kubuni neno jipya hapo. Kama ni simulizi ya karne ya 17, andika "kinara cha ukutani". Kandili silipendi mahali hapo, maana kandili mtu huibeba au huining'iniza.

Kuna mtego mwingine. Ukisoma habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza utakutana na Queen's Sconce, mjini Newark. Hiyo si taa kamwe. Ni boma la udongo lenye umbo la nyota, lililojengwa na wafuasi wa mfalme Charles wa Kwanza na kupewa jina kwa heshima ya malkia wake, Henrietta Maria. Tuta lake lipo hadi leo. Sconce hii imetoka kwa Waholanzi, kwenye neno lao schans, na ndiyo iliyozaa kitenzi ensconce. Ukikuta mtu ame-ensconce kwenye kiti, usitafute taa wala maficho: amejikalia raha mustarehe, kama aliye salama ndani ya boma.

Zamani neno sconce lilikuwa pia jina la mtaani la kichwa. Katika tamthilia ya Shakespeare, The Comedy of Errors, mtumishi Dromio anapigwa na bwana wake, na sconce inageuka kutoka kichwa kuwa kinga ya kichwa ndani ya maneno machache tu. Nimejaribu kuitafsiri sehemu hiyo mara nyingi. Ushauri wangu ni kuuacha mchezo wa maneno wa Kiingereza na kutafuta wa Kiswahili. Ukiling'ang'ania neno, kicheko kinakufa. Na katika Chuo Kikuu cha Oxford, kwa desturi ya zamani, sconce ni adhabu ya kunywa bia anayopewa mwanafunzi aliyevunja adabu mezani.

Siku hizi nikipokea michoro yenye neno hili, namwuliza mwenye kazi mambo matatu: taa inatumia waya au betri, inamulika juu au chini, na ikae sentimita ngapi kutoka sakafuni. Majibu nayaandika palepale kwenye tafsiri, karibu na alama ya pointi ya umeme, ili fundi ayaone kabla hajachanganya saruji.