Karatasi ya mbegu isiyoota
Dada, umeuliza kwa nini karatasi yako ya mbegu, yaani ile ya kutengeneza nyumbani yenye mbegu ndani ili ipandwe, haikuota. Hapo uliposema ulisaga mbegu pamoja na karatasi kwenye blenda ndipo kwenye tatizo: visu vilizikatakata mbegu. Loweka karatasi, isage peke yake mpaka iwe kama uji, mimina kwenye chekecheo, kamua maji, ndipo unyunyize mbegu juu na kuzikandamiza kwa kiganja. Ikaushe upesi, kivulini penye upepo. Ikikaa na maji siku kadhaa mbegu zitachipua humohumo, na oveni ndiyo usithubutu kabisa. Chagua mbegu ndogondogo: maua kama popi na kamomili, hata mchicha (mimi ni wa mchicha, angalau unaliwa). Ukipanda usiifukie sana, udongo kiduchu tu juu, na isikauke mpaka miche itokeze.