Maswali na majibu: M87 si picha tu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu M87, galaksi duaradufu kubwa iliyo katikati ya kundi la galaksi la Mashuke. Na mengi yanauliza tu habari za shimo jeusi lililo katikati yake, lile lililopigwa picha (kitu chenye mvuto ambao hata nuru haiponyoki), wakati galaksi yenyewe inaonekana kwa darubini ndogo ukiwa Singida. Waliouliza jambo moja kwa maneno tofauti wamejibiwa pamoja.

Mwalimu, ile picha ya shimo jeusi ni ya kweli au imetengenezwa na kompyuta? (Msomaji, Mwanza, na wengine wengi)

Ni ya kweli, na kompyuta imehusika. Hayo mawili hayagombani. Kilichopokelewa Aprili 2017 ni mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita 1.3, na picha ikatangazwa tarehe 10 Aprili 2019. Gawa nyuzi moja ya anga kwa 60 upate dakika, dakika kwa 60 upate sekunde, kisha igawe sekunde hiyo mara milioni moja: pete ina upana wa vipande 42 kati ya hivyo. Kwa wimbi la urefu ule, ungehitaji darubini yenye upana unaokaribia wa dunia. Kwa hiyo watafiti waliunganisha vituo vya Chile, Hispania, Meksiko, Arizona na Hawaii, kila kituo na saa yake ya atomu, na diski za data zikapandishwa ndege hadi Massachusetts na Bonn zikalinganishwe. Vituo vichache haviwezi kuujaza uso wa dunia, hivyo data ina mapengo, na hapo ndipo kompyuta hufanya kazi yake. Kwa kuhofia kuona wanachotaka kuona, watafiti walijigawa timu nne zisizosemezana. Zote zilipata pete, na zote zilipata upande wa kusini ukiwa na mng'ao zaidi. Rangi ya chungwa imechaguliwa na watu, maana redio haina rangi.

Na nyinyi mnaosambaza kwamba darubini ya Ncha ya Kusini "iliipiga picha M87", acheni. M87 iko nyuzi 12 kaskazini mwa ikweta ya anga. Ukisimama Ncha ya Kusini haichomozi kamwe. Darubini ile ilitazama vitu vingine vya kusahihishia vipimo.

Hilo shimo litaimeza galaksi nzima lini?

Halitaimeza. Lina uzito wa majua bilioni 6.5, lakini kipenyo chake ni kama kilomita bilioni 38, yaani upana wa mzunguko wa Pluto mara tatu na ushei. Nyota iliyo miaka nuru elfu kadhaa kutoka hapo haina habari nalo. Shimo jeusi halivuti kuliko kitu kingine chochote cha uzito uleule.

Kwa nini M87 haina mikono iliyojipinda kama galaksi yetu? Ni changa bado? (Mwanafunzi, Eldoret)

Ni kinyume: nyota zake nyingi ni kongwe. Kosa hili linatokana na mchoro wa mwanaastronomia Edwin Hubble wa mwaka 1936, unaoanza na duaradufu upande wa kushoto na kuishia na zenye mikono upande wa kulia. Walimu wengi bado wanaufundisha kana kwamba galaksi huanza kushoto na kukua kuelekea kulia. Ule ni mpangilio wa maumbo basi, na namba inayofuata herufi E, alama ya duaradufu, husema umbo limebonyea kiasi gani: E0 ni mviringo, E7 ni ndefu nyembamba. M87 iko karibu kabisa na mviringo.

Mikono huhitaji sahani bapa inayozunguka pamoja na gesi baridi ndani yake. M87 imekua kwa kumeza jirani zake, na kila muungano huvuruga njia za nyota. Ndiyo maana leo nyota zake huzunguka kila moja kwa mwelekeo wake, kama nyuki waliochokozwa. Ushahidi mmoja wa ulaji huo ni vishada vya nyota vya mviringo: galaksi yetu ina takriban 150, M87 inakadiriwa kuwa na 12,000 hivi, na vingi vilikuja na galaksi zilizomezwa.

Gesi ipo, tena nyingi, ila ni ya moto wa makumi ya mamilioni ya digrii. Hung'aa kwa eksirei, nayo imeenea katikati ya kundi zima. Gesi ya moto hivyo haiporomoki ikawa nyota. Ingetakiwa ipoe taratibu na kumiminika katikati, na hapo shimo jeusi lina kazi ya maana kuliko kupigwa picha: mkondo wa chembe unaofyatuka kutoka kando yake huivuvia gesi mapovu makubwa na kuipasha joto upya. Ukiniuliza kipi cha kujifunza kuhusu M87, nitakwambia ni hiki, kabla ya pete.

Nina darubini ndogo. Nitaionaje nikiwa Tanzania? (Msomaji, Iringa)

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Mwisho wa Machi M87 hupita juu kabisa karibu saa 6 usiku, katikati ya Mei karibu saa 3 usiku, mwanzoni mwa Juni karibu saa 2. Machi na Aprili masika huharibu, kwa hiyo lenga nusu ya pili ya Mei na Juni, usiku usio na mwezi. Dar es Salaam hufikia nyuzi 71 juu ya upeo wa kaskazini, Nairobi nyuzi 76. London haivuki 51. Basi msilalamike kwamba anga nzuri iko Ulaya.

Tafuta Denebola, nyota ya mkia wa Simba, kisha Vindemiatrix katika Mashuke. Kati yao kuna nyuzi 18, ngumi mbili kasoro ukinyoosha mkono. Lenga katikati ya mstari huo ukitumia lenzi ya jicho ya ukuzaji mdogo, mara 40 au 50. Utaona mawingu mawili madogo yaliyokaribiana: galaksi M84 na M86. Watu wengi huishia hapo wakatangaza wameiona M87. Hapana. Kutoka M86 sogea mashariki na kusini kidogo, nyuzi 1 na robo, sawa na upana wa mwezi mpevu mara mbili na nusu hivi. M87 ni ukungu wa mviringo unaokoza ghafla katikati. Ukiwa na kioo cha upana wa milimita 200, hakikisha kwa kutafuta kidoa kidogo cha galaksi NGC 4478 upande wa magharibi-kusini-magharibi, chini ya theluthi moja ya upana wa mwezi. Kama pembeni una ukungu mwingine unaolingana na wa kwanza, bado uko M84.

Mng'ao wake ni 8.6 (katika kipimo hiki namba ikikua, nuru hufifia), kwa hiyo kioo cha milimita 100 kinatosha mahali penye giza. Mjini hata 200 itakusumbua. Kaa gizani nusu saa, simu mfukoni, na utazame kando kidogo ya kitu, usikikodolee. Hutaona rangi. Na ukikuta dukani darubini ya milimita 60 iliyoandikwa "mara 675", iache hapohapo: ukuzaji unaotumika ni mara mbili ya milimita za kioo, yaani 120, na hiyo ni anga ikitulia.

Kama galaksi zote zinatukimbia, kwa nini M86 inatujia?

Swali zuri. M87 inaachana nasi kwa takriban kilomita 1,280 kwa sekunde. M86 inatukaribia kwa zaidi ya 200. Imo ndani ya kundi lilelile, lakini inaliangukia kutoka upande wa nyuma, kwa kasi inayozidi ile ya kundi zima kutuacha. Ndiyo sababu kasi ya galaksi moja haikupi umbali wa kundi. Chukua wastani wa galaksi nyingi.

Nuru yake ilitoka enzi za dinosaria, sivyo?

Sivyo. Nuru ya M87 ilianza safari miaka milioni 55 hivi iliyopita. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Hesabu ya kutoa tu.

Nyota yangu ni Mashuke. M87 itaniathiri vipi mwaka huu?

Haitakuathiri.

Naweza kupiga picha ya ule mkondo nikiwa nyumbani? (Msomaji, Arusha)

Unaweza. Mwanaastronomia Heber Curtis aliuona mwaka 1918 kwenye bamba la picha la kituo cha kutazama anga cha Lick, California, akauita mwale ulionyooka. Una urefu wa miaka nuru 5,000 hivi, lakini angani ni sekunde 20 za pembe tu, ukielekea magharibi-kaskazini-magharibi. Tumia kioo cha milimita 200 na urefu wa fokasi usiopungua milimita 1,000. Wengi hukosea kwa kuacha kamera wazi dakika tano: kiini huungua, na mkondo unazama ndani ya weupe. Piga picha za sekunde 10 hadi 30, mia kadhaa, tupa zilizotikisika, unganisha zilizobaki. Wakati wa kung'arisha, usipandishe sehemu hafifu kupita kiasi, kwani ukungu wa galaksi utaufunika tena. Ukiuona mstari upande wa pili wa kiini, hiyo ni hitilafu ya mfumo wako: mkondo unaoelekea kwetu ndio tu hung'aa kiasi cha kunaswa, wa nyuma umefifishwa na kasi yake yenyewe.