Jibu: Harufu ya dagaa na utulivu
Mkuu, umeuliza kwa nini harufu ya dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, inakurudisha kwa bibi ghafla, na kama inaweza kukutuliza. Harufu ina njia fupi: kutoka puani hufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Picha na sauti hupitia kituo kingine cha ubongo kwanza.

Ili ikutulize, nenda asubuhi, kabla ya fujo za wachuuzi. Vuta hewa kwa pua ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, kwa dakika 3 hivi. Usinuse mfululizo, pua huzoea upesi na harufu inapotea; sogea pembeni, kisha rudi. (Miguu usitumbukize ziwani, kichocho kipo.) Harufu ikiamsha msiba, iache, sikiliza mawimbi tu.