Tairi moja la karavani kulika upande wa ndani

Ndugu, umeeleza kwamba baada ya kuvuta karavani (nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari) hadi Scotland mwezi wa Januari, tairi la kushoto limelika ukingo wa ndani ilhali la kulia ni zima. Baridi peke yake haifanyi hivyo. Ni kweli kwamba upepo hupungua takriban psi 1 (kipimo cha shinikizo la upepo) kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazoshuka, lakini tairi lenye upepo mdogo hulika kingo zote mbili, na lililojazwa kupita kiasi hulika katikati. Kulika upande mmoja kwa kawaida hutokana na ekseli (mhimili unaoshika magurudumu) iliyopinda, hasa mzigo ukilalia upande huo. Kwa hiyo ningeanza kwa kupima uzito unaobebwa na kila gurudumu, kisha fundi akague ekseli kabla hujanunua tairi jipya, ambalo vinginevyo litalika vilevile. Upepo upime asubuhi, tairi likiwa halijapata moto. Sheria ya Uingereza hudai mifereji ya tairi iwe na kina cha angalau milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya upana wake, hivyo ukingo mbovu huweza kuponyoka kipimo. Lakini nyuzi zilizo ndani ya mpira wa tairi zikionekana, usilitembeze tena.