Bakuli lenye alama ya mnyama mwenye kichwa cha mtu

Dada, huyo mnyama aliyelala, mwili wa simba na kichwa cha mtu, uliyemkuta kwenye kitako cha bakuli la mitumba ni sfinksi, alama ya kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi. Bakuli zake ziliuzwa sana pwani yetu, kwa hiyo kulikuta Unguja si ajabu. Umri ndio mgumu. Kampuni ilibadili jina kuwa De Sphinx mwaka 1899, lakini jina la Regout liliendelea kupigwa kwenye vyombo. Angalia kama pameandikwa “Made in Holland”. Hapo yaelekea ni la karne ya 20. Tafadhali, usilisugue kwa steelwire! Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kinatosha, kisha lipige picha kwa mwanga wa ubavuni.