Muulize Sista: Atapona, au wanatafuta pa kumtupia?

Naona rasimu ya sera ya afya ya akili imewafikia wengi, maana barua za mwezi huu karibu zote zinaizungumzia. Nimechagua nne.

*Shikamoo Sista. Dada yangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, huu mwaka wa kumi na nne. Nimesoma hiyo rasimu, kila ukurasa "kupona, kupona". Daktari wake wa kwanza alitwambia ugonjwa huu hauponi, unatulizwa tu. Nani mkweli? Na nikuulize wazi: hili si jina zuri la kufunga hospitali na kutuachia sisi ndugu mzigo? – Kaka mtu*

Marahaba, kaka. Nimefanya kazi wadi za wagonjwa wa akili miaka thelathini na mmoja, na ishirini ya mwanzo ningekujibu kama daktari yule. Hatukuwa waongo. Tulikosea hesabu. Tuliowaona ni wale waliorudi. Aliyepata nafuu akaenda zake hakuwa na sababu ya kupita wadini kutusalimu, basi tukadhani hayupo.

Kuna waliokwenda kuwatafuta. Katikati ya miaka ya 1950, hospitali ya jimbo la Vermont, Marekani, iliwachukua wagonjwa 269 wa wadi za nyuma, wale ambao kila mtu alishakata tamaa nao, ikawafundisha kazi, ikawatafutia makazi, ikawatoa. Miaka ishirini na kitu baadaye mtafiti Courtenay Harding na wenzake wakawafuatilia mmoja mmoja. Matokeo yalitoka 1987: kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepona au wamepata nafuu kubwa, wakiwemo wenye skizofrenia. Siyo wote, na sikuahidi kwamba dada yako atakuwa katika fungu hilo. Lakini "hauponi" ni neno ambalo daktari hakuwa na haki ya kulisema.

Halafu neno lenyewe lina pande mbili. Mfupa ukiunga tunasema umepona. Rasimu inazungumzia pia kupona kwa namna nyingine: mtu anaishi maisha anayoyaona kuwa yake, ana watu, ana shughuli, hata kama dalili hazijaisha zote. Walioliweka wazi si madaktari kwanza, ni wagonjwa wenyewe. Patricia Deegan aliambiwa ana skizofrenia akiwa kijana wa shule. Baadaye akawa mwanasaikolojia, na kufikia 1988 alikuwa anaandika kwamba kupona ni safari ya mgonjwa mwenyewe, haiji kama dozi kutoka kwa mtu mwingine.

Sasa hofu yako ya pili, na hiyo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Mwaka 1955 hospitali za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa wa akili zaidi ya nusu milioni. Mwaka 1963 Rais Kennedy akasaini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na watu. Wadi zilifungwa kweli. Vituo vingi havikujengwa, na vilivyojengwa vikakosa fedha ya kudumu. Watu wakaishia barabarani na magerezani, na wengine kwa ndugu kama wewe ambao hakuna aliyewauliza.

Trieste, Italia, walianza upande wa pili. Daktari wa akili Franco Basaglia alipofika 1971 kuongoza hospitali ya San Giovanni, kulikuwa na wagonjwa kama 1,200 ndani ya kuta. Walifungua vituo mitaani, vikaja kuwa vya kukesha saa 24 na vitanda vichache kila kimoja, na wagonjwa waliokuwa wakifagia wadi bure wakaundiwa ushirika wakalipwa ujira. Mwaka 1973 walitengeneza farasi mkubwa wa buluu kwa mbao na karatasi, wakamwita Marco Cavallo, wakataka kuandamana naye mjini. Hakupita getini. Wakabomoa geti. (Hadithi hii naipenda kupita kiasi, najua. Nimewasimulia wanafunzi wangu wote hadi wakachoka.) Sheria ya nchi nzima ya kufunga hospitali za namna hiyo ilipita Mei 1978, na mikoa mingine ya Italia ilichukua hadi miaka ya 1990 kuifuata, tena kwa kusuasua.

Kwa hiyo ukikutana na mheshimiwa wenu, usimuulize anaamini nini kuhusu kupona. Muulize kitanda kikifungwa hospitalini, fedha ya kitanda hicho inakwenda wapi. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba serikali duniani hutenga wastani wa asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili, na kwamba katika nchi za kipato cha kati zaidi ya asilimia 70 ya hicho kidogo huishia kwenye hospitali kubwa za wagonjwa wa akili. Rasimu isiyogusa hesabu hiyo imebadilisha msamiati tu.

*Sista, nina miaka 28. Nachomwa sindano ya kila mwezi. Sauti bado nazisikia, ila kwa mbali. Mshauri wangu anasema nisitafute kazi mpaka niwe sawa kabisa. Nisubiri? – Nimechoka kukaa*

Usisubiri, mwanangu. Ushauri huo ulikuwa wetu sote zamani: kwanza mtu apoe, kisha karakana ya kusuka vikapu, kisha labda, siku moja, kazi. Wengi walizeekea kwenye vikapu. Watafiti Robert Drake na Deborah Becker huko Marekani waliugeuza mpango huo juu chini: anayetaka kazi atafutiwe kazi ya kweli, yenye mshahara wa kawaida, upesi, na msaidizi abaki karibu naye akiwa tayari kazini. Njia hiyo imejaribiwa nchi nyingi, na mara kwa mara wanaopata kazi hukaribia kuwa mara mbili ya wale waliowekwa mafunzoni kwanza. Kigezo cha kuingia ni kimoja tu, mtu awe anataka. Wewe unataka, umeniandikia.

Mwambie mshauri wako hivyohivyo. Sindano usiiache kimyakimya, kama inakulegeza asubuhi au inakunenepesha, mpelekee daktari malalamiko hayo kama malalamiko ya mfanyakazi: "Zamu yangu inaanza saa moja, dawa hii inaniangusha hadi saa nne, tufanyeje?" Utaona mazungumzo yanabadilika.

*Sista mwenzangu, tumepelekwa semina ya siku mbili kuhusu "huduma ya kupona". Tumepewa cheti na begi. Jumatatu tumerudi wadi ileile. Nini kinabadilika? – Muuguzi wa zamu*

Begi.

Samahani, mwenzangu, lakini nami ninayo matatu. Ngoja nikupe kisa badala ya semina. Miaka yote nilivaa funguo saba kiunoni. Mgonjwa wetu mmoja, mwalimu wa hesabu kabla ya kuugua, aliniambia siku moja, "Sista, mimi nakusikia kabla sijakuona." Nikadhani ananisifu kwa uchapakazi. Nilimwelewa baada ya miezi. Kila mlango, kila kabati, hata nguo zake mwenyewe, vilikuwa vinalia kiunoni mwangu. Kisha tukapata metroni mpya, akaamua kila mgonjwa apewe ufunguo wa kabati lake la nguo. Tulitabiri maafa: watameza, watapigana, watapoteza. Kwa mwaka mzima zilipotea funguo mbili. Moja niliipoteza mimi.

Naam, nini kinabadilika? Hesabu vitu. Wangapi wamefungiwa chumba cha peke yao mwezi huu, na mwezi uliopita? Wangapi walifungwa kamba? Kwenye mkutano wa Jumatano, anayejadiliwa yumo chumbani au tunamsema akiwa nje? Na je, kati ya mnaolipwa mshahara, yupo hata mmoja aliyewahi kulazwa? New Zealand hawakuishia kwenye semina. Mwaka 1998 tume yao ya afya ya akili ilitoa mwongozo wa nchi nzima uliotaka huduma zote zifuate mwelekeo wa kupona, na 2001 ukatoka mwongozo wa ujuzi ambao kila mhudumu alitakiwa awe nao. Miongoni mwa makamishna alikuwamo Mary O'Hagan, aliyewahi kulazwa mwenyewe kwa ugonjwa wa akili. Hebu fikiria kikao ambacho "mgonjwa" ndiye anayekuuliza wewe maswali. Hata hivyo, miaka ishirini baadaye uchunguzi wa serikali yao ulikuta watu wengi bado hawafikiwi. Nakwambia ili usidhani kuna pahala kazi hii imekwisha.

Najua utaniambia mko watatu kwa wagonjwa sitini. Ni kweli, na usiache kulisema. Lakini si kila kazi inahitaji shahada. Harare, mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda alianza na bibi kumi na wanne, wahudumu wa afya wa mtaani, aliowafundisha kukaa na mtu mwenye sonona, huzuni nzito isiyoondoka, kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kupangua tatizo moja baada ya jingine. Sonona hiyo kwa Kishona wanaiita *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mwenye saikosisi kali, aliyepotewa na uhalisia, anahitaji zaidi ya benchi, bila shaka. Ila kila anayesaidiwa pale anakupunguzia foleni wewe.

*Sista, haya yote mazuri. Lakini mtu akichachamaa, hajitambui, hataki dawa, "uamuzi wake" uko wapi? – Mwenye shaka*

Uko kwenye karatasi aliyoiandika alipokuwa mzima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu umewagawa hata wataalamu juu ya kulazimisha matibabu, na mimi sitaumaliza ubishi huo kwenye safu hii. Ila karatasi ni wachache wanaoipinga: dawa gani ilinisaidia, ipi iliniumiza, nani apigiwe simu, watoto wakae na nani.

Mama mmoja wadini kwetu aliandika mstari mmoja tu: "Msinishike mabega, semeni jina langu kwanza." Tukaubandika mbele ya faili. Aliporudishwa usiku wa mwaka uliofuata, wanaume wawili wamemkaba, niliwaomba wamwachie nikasema jina lake. Nikalisema kama mara kumi. Akakaa sakafuni. Dawa aliikubali asubuhi, si usiku, na usiku ule tulikesha naye kwa zamu. Kamba zilibaki kabatini.