Su She na jina lake: ushauri kwa wanaowaandikia wahusika wasiopendwa

Mhusika niliyemwandikia hadithi nyingi kuliko wote katika ulimwengu wa riwaya ya Kichina ya Mo Dao Zu Shi ni Su She, na wapenzi wenzangu wa riwaya hiyo hawaachi kunishangaa. Wanaelewa mtu anapompenda Wei Wuxian au Lan Wangji, mashujaa wake wawili. Wanaelewa hata anapomtetea Jin Guangyao, mwuaji mwenye tabasamu na adabu, kwa sababu mwandishi amempa huyo utoto wa kusikitisha na kurasa za kutosha za kuusimulia. Su She hana kurasa hizo. Ni mtu wa kinyongo, mwepesi wa kuudhika, anayeingia katika hadithi akiwa amekosea na kutoka akiwa amekufa, na wasomaji wengi humkumbuka kwa dharau tu, kama wanamkumbuka kabisa.

Nimeandika hadithi za mashabiki, yaani zile tunazozibuni kwa wahusika wa mwandishi mwingine, kwa miaka kadhaa, na ninaandika makala haya kwa ajili ya wale wanaoanza kazi hiyo na ambao, kama mimi, macho yao hayaendi kwa shujaa bali kwa yule aliyesimama nyuma yake akiwa amenuna. Ninaamini kwamba kumtafutia mtu kama huyo undani ni kazi yenye thamani. Ninaamini pia kwamba kuna namna ya kuifanya inayomwua mhusika mara ya pili, na namna hiyo ninaijua kwa sababu niliifanya.

Kwa ambaye hajaisoma, riwaya hiyo ya Mo Xiang Tong Xiu ilitoka kwa sehemu katika tovuti ya Jinjiang kuanzia mwaka 2015 hadi 2016, kisha mwaka 2019 ikawa tamthilia ya vipindi 50 ambayo wengi wetu tuliifahamu kwa jina la The Untamed. Ni ulimwengu wa koo zinazojinoa kiroho, zinazopambana kwa panga na ala za muziki, na ambamo mahali ulipozaliwa huamua karibu kila kitu. Su She ni mwanafunzi katika ukoo wa Lan wa Gusu, lakini si wa damu ya ukoo huo. Tunakutana naye katika ziwa la Biling, wakati vijana wa koo mbalimbali wanawinda mizimu ya majini. Anamwona Lan Wangji akiuamuru upanga wake uzame majini, naye anauamuru wa kwake vilevile, ila wa kwake haurudi. Anabaki mikono mitupu na karibu azame yeye mwenyewe, mpaka Wei Wuxian anapomshika mkono. Baadaye anaondoka Gusu na kuanzisha ukoo wake huko Moling, ambao watu wake huvaa nyeupe na kupiga guqin, ala ya nyuzi saba inayolazwa, sawasawa na watu wa Lan, na dunia nzima inamcheka kwa kuiga huku yeye akikana. Anakuwa mtumishi mwaminifu wa Jin Guangyao, na sababu ya uaminifu huo riwaya inaitaja kama kwa kupita: Jin Guangyao alilikumbuka jina lake tangu walipokutana mara ya kwanza.

Niliposoma sentensi hiyo niliiweka simu chini. Nilikuwa nimefanya kazi mwaka mzima mahali ambapo mkuu wetu aliniita kwa jina la mtu aliyekuwa amekikalia kiti changu kabla yangu. Nilimsahihisha mara mbili za mwanzo, kisha nikaacha. Haikuwa dhuluma kubwa, na hakuna aliyeniibia wala kunipiga, lakini mtu ambaye haijamtokea hajui jinsi jambo dogo hilo linavyomla mtu taratibu, wala jinsi ungemfuata popote mtu wa kwanza anayekuita kwa jina lako mbele za watu. Su She alinijia akiwa amekamilika, na usiku huohuo nikaanza kuandika.

Hadithi ile ya kwanza ilikuwa mbaya, nami sikuliona hilo kwa muda mrefu. Katika riwaya, Su She ndiye aliyemtupia Jin Zixun, binamu wa mrithi wa ukoo wa Jin, laana inayoutoboa mwili matundu kwa mamia, kwa sababu Zixun alimdharau. Kutokana na laana hiyo kukatokea shambulio la njia ya Qiongqi, ambako mrithi huyo, Jin Zixuan, aliuawa na kumwacha mtoto mchanga. Katika hadithi yangu, Su She alilazimishwa kuitupa laana hiyo. Nilimbunia mama mgonjwa na mtu aliyemshikia mama huyo mateka, nikambunia machozi mengi, na mwishoni nikamfanya aombe msamaha na asamehewe na kila mtu. Rafiki mmoja ambaye husoma kazi zangu kabla ya wengine aliirudisha na sentensi moja: alisema amempenda sana kijana huyu, ila angependa kujua Su She amekwenda wapi.

Wachina wenyewe wana neno kwa nilichokuwa nimekifanya. Wanaliita xibai, yaani kuosha mpaka kitu kiwe cheupe, na mashabiki wao hulitumia kwa lawama pale mwandishi anapomsafisha mwovu kwa kumfutia uovu wake. Siku hizi, kila ninapoanza kumwandika mhusika asiyependwa, hujiuliza kwanza kama ninamtafuta yeye au ninamtafutia udhuru, na njia niliyoipata ya kutofautisha hayo mawili ni rahisi. Huandika kwenye karatasi tendo lake baya kabisa kama lilivyo katika riwaya, nani aliumia na kwa kiasi gani, kisha hukataa kuligusa. Kila kitu kingine ninaweza kukibuni, yaani utoto wake, chumba chake, anachokula, anachokiota, lakini tendo hilo hubaki mahali pake na ni lazima undani wote ninaoubuni umfikishe hapo kwa miguu yake mwenyewe. Mama aliyeshikwa mateka hakumfikisha Su She kwenye laana, alimbeba. Kijana aliyepoteza upanga wake mbele ya wenzake wote, akaokolewa na mgeni, kisha akaishi miaka akisikia anaitwa mwigaji, huyo anafika mwenyewe.

Ndiyo maana ninasisitiza, pengine kuliko jambo lolote jingine, kwamba undani utafutwe kwanza ndani ya maandishi. Wahusika wadogo mara nyingi hupewa jambo moja au mawili tu, lakini mwandishi mzuri hayatupi ovyo mambo hayo. Upanga wa Su She unaitwa Nanping. Nilisoma mara tatu bila kulijali jina hilo, mpaka nilipojifunza kwamba Wachina wana usemi, yi nan ping, unaotajwa mtu anapokuwa na jambo moyoni lisilokubali kutulia, uchungu usiosawazishika kwa miaka wala kwa ushindi, na kwamba maneno mawili ya mwisho ya usemi huo ndiyo jina la upanga wenyewe. Mtu huyu aliubeba uchungu wake kiunoni kila siku, akauita kwa jina lake mbele ya watu, na hakuna aliyemwuliza! Hapo sikuhitaji tena kumbunia mama mgonjwa. Soma polepole, tafuta maana ya majina, angalia mhusika anasimama wapi wakati wakubwa wanaongea na anachokifanya wasipomtazama, kwa sababu mara nyingi undani unaotaka kuubuni umekwisha kuachwa hapo.

Jambo linalokwenda pamoja na hilo ni kuchagua mapema unamwandika mhusika wa riwaya au wa tamthilia, maana lawama hazikugawanywa sawa. Tamthilia ilitaka mikono ya Wei Wuxian iwe safi zaidi, hivyo ikaongeza mpiga filimbi mwingine aliyejificha, na sehemu ya maovu ikahamia upande wa Jin Guangyao na Su She. Ukimchukua Su She wa riwaya ukampa dhambi za tamthilia, au kinyume chake, msomaji atahisi kuna kitu hakikai sawa hata kama hawezi kusema ni nini. Mimi hufuata riwaya.

Kuna somo jingine nililolipata kwa mhusika ambaye si mdogo hata kidogo, ila huchukiwa na kupendwa kwa nguvu zinazolingana, yaani Jiang Cheng. Kwa sehemu kubwa ya riwaya tunamwona akiwa mkali, mwenye wivu, mwenye kumsaka Wei Wuxian, ndugu yake wa kulelewa pamoja, kana kwamba hakuwahi kumpenda. Karibu na mwisho kabisa tunafahamishwa kwamba siku aliyokamatwa na watu wa ukoo wa Wen, akaharibiwa kiini chake cha dhahabu ambacho ndicho chimbuko la nguvu zake zote, alikuwa amejitokeza makusudi ili wamfuate yeye na wasimwone Wei Wuxian. Hakumwambia mtu wakati ule, na hata anapopata nafasi ya mwisho ya kumwambia Wei Wuxian, anayameza maneno yake. Mashabiki wengi wanaomwandikia humfanya aseme. Ninaelewa kiu hiyo, nami nimewahi kuiandika barua ambayo Jiang Cheng anaeleza yote, lakini niliposoma tena nikaona nimemwondolea kitu kizito zaidi alichokuwa nacho, nikaifuta. Undani uliofichika una nguvu kwa sababu umefichika. Msomaji na aujue, lakini si lazima wahusika wengine waujue, na mara nyingi ni afadhali wasiujue kamwe, ili aendelee kuchukiwa na kila mtu isipokuwa sisi tunaosoma.

Mwanamke ambaye naona anaonewa zaidi na huruma ya mashabiki ni Bibi Yu, mama yake Jiang Cheng. Alimchapa Wei Wuxian mijeledi na kumsimanga tangu utotoni, na siku ya maangamizi ya bandari ya Lianhua aliwafunga vijana wawili ndani ya mashua ili waokoke, akarudi kufa. Wapo wanaoandika kwamba ukali wake wote ulikuwa upendo uliojificha. Sikubaliani nao, na ninalisema hili kwa uzito kwa sababu wapo wasomaji wetu waliolelewa kwa mijeledi. Aliwaokoa, na alikuwa amemtesa mmoja wao, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja bila moja kulilipia jingine. Ukiweza kuyashika yote mawili katika ukurasa mmoja, utakuwa umemwandika mtu.

Nimesikia ikisemwa kwamba mchezo huu wa kuwafikiria upya watu wabaya ni wa vijana wa intaneti wasioheshimu hadithi. Aliyesema hivyo hajaitazama historia ya hadithi za Kichina. Katika mkusanyo wa Feng Menglong wa mwaka 1624, mtawa Fahai anayemfungia Nyoka Mweupe, nyoka aliyejigeuza mwanamke akaolewa na binadamu, chini ya mnara wa Leifeng ndiye mwenye haki, na nyoka ni jini la kudhibitiwa. Kufikia mwaka 1924 mnara huo ulipoporomoka, mwandishi Lu Xun aliandika kwa furaha, akieleza jinsi watu wa kawaida walivyokuwa upande wa nyoka na kumchukia mtawa, ambaye katika masimulizi ya kwao amekimbilia ndani ya gamba la kaa. Mwaka 1993 filamu ya Tsui Hark ikamrudia mtawa huyohuyo aliyechukiwa, ikamwonyesha akiwa kijana anayepigana na tamaa zake mwenyewe. Shen Gongbao naye, ambaye katika riwaya ya kale ya enzi ya Ming ni fitina mtupu na adhabu yake ni kuziba jicho la Bahari ya Kaskazini, katika filamu mbili za Ne Zha za mwaka 2019 na 2025 amekuwa chui aliyejitahidi mpaka akawa mtu, akabaguliwa na mwalimu wake kwa asili yake, mwenye baba na mdogo wake wanaomtegemea. Nawapongeza waandishi wake kwa jambo moja: lulu aliyoiiba katika filamu ya kwanza imebaki kuwa ya wizi.

Niliiandika upya hadithi ya Su She nikitumia hayo yote. Hakuna mama mgonjwa tena, na hakuna msamaha. Inaanzia ziwani Biling, jioni, anapowahesabu wenzake wakirudisha panga zao alani, na inaishia usiku anapoitupa laana, kwa mikono isiyotetemeka. Rafiki yangu aliisoma akasema sasa anamtambua na bado hampendi, nami nilifurahi sana. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: na Jin Zixun je?

Nilikuwa nimemwandika Zixun kama watu wote wanavyomwandika, yaani mwenye majivuno, anayewalazimisha wageni pombe karamuni na kusahau majina ya walio chini yake. Nilirudi kwenye riwaya nikatafuta. Kipo kitu kidogo, na kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Alipokwenda njia ya Qiongqi kumdai Wei Wuxian aiondoe laana, aliamini kweli kwamba Wei Wuxian ndiye aliyeitupa. Hakuwa anasingizia. Alikuwa kijana mwenye matundu kifuani yanayoongezeka, ambaye alikwenda kwa mtu asiyehusika kutafuta uhai wake, akafia huko bila kujua aliyemlaani ni nani, na hata kama angeambiwa jina la Su She, labda asingelikumbuka. Nimeanza kumwandika wiki hii. Anaamka kabla ya alfajiri, anafungua vazi lake, anahesabu.